Shata ya Bi Zaina

Shemhilu alinipigia simu nikiwa Tunduma, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nakula chapati na chai. Hakuzunguka. "Festo, Bi Zaina wa Handeni amezikwa juzi." Nikamwuliza amezikwa wapi, swali la kijinga, naye akajibu, "Kwao. Ulitaka azikwe wapi?" Salio likakatika. Siku ya tatu nilikuwa Korogwe, katika chumba cha nyumba ya wageni chenye kitanda, ndoo, na picha ya maporomoko ya maji ambayo hayapo Tanzania. Ndimo ninamoandika haya. Nimewahi kuhesabu vyumba nilivyopanga tangu nianze kujitegemea, nikafika kumi na saba, kisha nikakumbuka vya Masasi ambavyo nilivisahau, nikaacha. Nina miaka arobaini na sita. Vitu vyangu vyote vinaenea katika begi moja na sanduku la vifaa. Kila ninapohamia chumba kipya, kabla sijatandika, husimama katikati na kusikiliza ni sauti gani zinapita ukutani. Tabia hiyo niliianza mwaka niliokaa Kwamndolwa, hapa hapa Korogwe, mwaka wa shata ya Bi Zaina.

Chumba changu cha Kwamndolwa kilikuwa cha mwisho katika nyumba ya vyumba sita. Haikuwa na dari, na kuta ziliishia chini ya kenchi, kwa hiyo maneno ya jirani yaliruka juu na kuniangukia kitandani. Jirani zangu walikuwa mume na mke, mume akifanya kazi ya kupakia mbao. Kila jioni, wakati wa kula, walizungumza mambo ambayo hayakuwa na maana yoyote. "Chumvi imezidi." "Haijazidi, ni mdomo wako." "Leo nimemwona yule mwenye baiskeli nyekundu." "Yupi?" "Yule." "Aa, yule." Nami nilikuwa upande wa pili na sahani yangu ya wali maharage niliyonunua kwa mama lishe, natafuna polepole ili mlio wa meno yangu usinikoseshe neno. Nilimjua mwenye baiskeli nyekundu bila kumwona. Nilijua mke anaogopa radi, na mume anajifanya haogopi. Asubuhi tulipokutana uani tulisalimiana kama watu wasiojuana, na kweli wao hawakunijua. Sasa hivi, humu nyumba ya wageni, chumba cha jirani kuna mtu anayekohoa tu. Nimejikuta nasubiri aseme kitu.

Kazi nilifanya kwenye karakana ya Shemhilu, karibu na barabara ya kwenda stendi. Yeye alinizidi miaka kama kumi, Msambaa wa milimani aliyeshuka akakataa kupanda tena, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kuchomelea. Mimi nilizaliwa kambini, kambi ya manamba, vibarua wa shamba la katani, na hilo alilifanya chakula chake cha kila siku. "Wewe mtoto wa manamba, leta tindo." "Mtoto wa manamba, umekunywa chai?" Sikukasirika. Hakuna mwingine aliyenitaja kwa jina lolote kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ukutani kwa nje, chini ya upenu wa bati, ulilala mlango wa shata, ile milango ya mbavu nyembamba za bati zilizoshikana, unaovutwa ukapanda na kujiviringisha juu kwenye bomba. Ulitoka kwenye gereji ya shamba la katani lililofungwa, gereji ya malori, kwa hiyo upana wake ulikuwa wa lori. Aliyeununua alikuwa mume wa Bi Zaina, mfanyabiashara mdogo wa nafaka wa Handeni, aliyekuwa amejenga fremu moja ya duka mbele ya nyumba yake. Fremu ilikuwa ndogo kuliko mlango, lakini aliupenda, akasema kitu kikubwa hupunguzwa, kidogo hakiongezwi. Alituachia tuupunguze siku atakapoleta kipimo. Hakuleta. Alifariki kabla ya masika, na mlango ukaendelea kulala pale, kuku wakitaga ndani ya mviringo wake.

Habari nyingine ililetwa na konda wa basi la Handeni, mtu aliyebeba maneno ya watu pamoja na vifurushi vyao. Mjane alikuwa kwenye eda, hatoki, haonani na wanaume wasio ndugu zake, miezi minne na siku kumi. Shemeji yake, Bwana Athumani, muuza saruji, alikuwa amesema mbele ya wazee kwenye matanga kwamba chumba kisicho na mlango ni pango la mbuzi. Kama siku Zaina anatoka eda fremu itakuwa bado wazi, yeye ataingiza saruji yake mle na atakifunga kwa namna yake. Wazee hawakusema ndiyo, hawakusema hapana, na kwa Bwana Athumani hilo lilitosha. Bi Zaina hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto, alikuwa na fremu ile tu ya kumpa ugali wake. "Anaomba mlango wa mumewe," alisema konda. "Na kipimo nimekileta mimi."

Kipimo kilikuwa kamba ya katani yenye mafundo mawili. Ndivyo watu wa huku walivyofanya, na sidhani kama wameacha: ukitaka kitanda, dirisha au jeneza, unapima kwa kamba, unafunga fundo mwanzo na mwisho, unampa mtu wa safari. Bi Zaina aliweza kupima mwenyewe kwa sababu fremu ilikuwa na mlango wa ndani unaoingia sebuleni kwake. Tatizo ni kwamba lile basi lilikwama Mkata kutwa nzima kwa mvua, na kifurushi kilikuwa juu ya paa. Kamba ilifika imelowa chepechepe. Niliikamua kama nguo, nikaitandaza juu ya mbavu za shata, nikatia alama, nikaanza kukata siku hiyo hiyo. Shemhilu alikuwa amekwenda Mombo kufunga geti. Mbavu zilikuwa nyingi, nilizichomoa moja moja na kuzikata kwa grenda, kisha nikafupisha bomba la juu. Niliipenda kazi ile. Nilipenda kila ubavu utoke sawa na mwenzake. Jioni nilikula nikiwa na mlio wa grenda masikioni, sikusikia hata neno moja la jirani.

Tuliusafirisha mlango Handeni kwa pikapu ya mkaa zikiwa zimebaki siku tatu eda iishe. Shemhilu alinishusha, akanisaidia kubeba, akarudi na gari. "Siku mbili unamaliza," alisema. "Ukikwama usinitafute, mimi sijui kusoma kamba." Fremu ilikuwa imepigwa lipu safi, sakafu ya saruji, na mlango wa ndani umefunikwa kwa khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Nilisimama mbele ya khanga zile nisijue mtu huamkiaje pazia. Nikasema, "Shikamoo."

Kitu kiliwekwa chini upande wa pili. Kisha sauti ikasema, "Marahaba, ingawa sijui kama naistahili. Una miaka mingapi, fundi?"

"Ishirini na nne."

"Haya, basi nimekula shikamoo ya halali. Karibu. Shangazi atakuletea maji."

Shangazi yake alikuwa bibi mwembamba mwenye mgongo ulioinama, aliyekuja kukaa naye kipindi cha eda. Alileta maji, kisha akaleta uji, kisha akabaki kuniangalia nikipima. Niliinua ubavu mmoja kati ya nguzo mbili za fremu. Upande wa kulia uligusa. Upande wa kushoto kulikuwa na nafasi ya vidole vinne. Niliusogeza, nikarudia. Vidole vinne. Mlango wa shata ukipungua hivyo, mbavu zinatoka kwenye reli zake na mtu anaingia ndani kwa kusukuma kwa bega. Bibi alinitazama usoni akaacha kutafuna tambuu yake.

Bwana Athumani alifika mchana. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, anayevua kofia kabla ya kusema jambo baya. Alitia mkono wake wote kwenye ile nafasi, akautoa, akautia tena, watu wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama. "Shemeji," aliita kuelekea kwenye pazia, "pole. Umepima kwa macho yenye machozi. Hata mimi nisingeweza." Watu wakacheka, si kwa ubaya sana. "Sasa tusimsumbue kijana wa watu. Siku tatu hizi si nyingi. Nitaleta mkokoteni." Nyuma ya khanga sauti ilisema, chini sana, "Nilipima mara mbili, shemeji." Naye akajibu, "Na mara mbili ukakosea. Si dhambi."

Kamba ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipobaki peke yangu niliitoa. Ilikuwa imekauka, ngumu, na nilipoivuta kutoka nguzo hadi nguzo mafundo yalikaa kwenye kona kama yamezaliwa pale. Ndipo nilipokumbuka uwanja wa kambini, kamba za kuanikia nguo zilizofungwa kwenye miti, na mama zetu wakipiga kelele mvua ikianza, "Legezeni kamba!" kwa sababu kamba ya katani ikilowa inajikaza, inafupika mpaka inang'oa mti. Mtoto wa miaka mitano kambini anajua hilo. Nilikuwa nimekata chuma kwa kamba iliyolowa. Niliirudisha mfukoni. Nataka kuliandika hili bila kulipaka rangi: sikusema. Niliendelea kupangusa reli ambazo hazikuhitaji kupanguswa, na mchana mzima, hadi kesho yake asubuhi, nilimwacha mwanamke aliyefungiwa ndani abebe kosa langu. Nilimsikia akimwambia shangazi yake, "Lakini nilifunga fundo nikiwa nimelikanyaga kwa mguu." Bibi akamwambia, "Acha, mwanangu. Majonzi yanatetemesha mikono." Usiku ule nililala kwa mtu aliyekuwa na kibanda cha matairi, na sikulala.

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye pazia. Nilimweleza yote, kambi ya katani niliyozaliwa, mvua, Mkata, grenda, kamba. Nikasikia kitu ambacho kwanza nilidhani ni kilio, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe si ulisema umezaliwa makatani?"

"Ndiyo, mama."

"Na kamba ikakushinda!"

"Ikanishinda."

"Afadhali," alisema, akavuta pumzi. "Hujui, fundi. Tangu afe watu wananiambia kila kitu ninachokishika kinatetemeka. Nilianza kuamini." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayefunga mzigo. "Sasa. Vidole vinne. Mlango hauongezeki?"

"Hauongezeki."

"Na tundu halipunguki?"

Nilikuwa nimekaa siku nzima nikifikiria jinsi ya kuurefusha mlango, na haikunijia akilini hata mara moja kwamba tundu linaweza kufinywa. Zilihitajika mbao ngumu mbili, unene wa vidole viwili kila upande, zifungwe kwa bolti kwenye nguzo, na reli zikae juu yake. Saruji ingechukua siku nyingi kukauka, tena mwenye saruji tulimjua. Nilimwambia mbao laini hazifai, mchwa wa Handeni watazila kabla ya mavuno. Nikasikia vitu vinavutwa ndani, bibi akisema, "Zaina! Zaina, usifanye hivyo," na yeye akijibu, "Kitanda cha watu wawili mimi nakifanyia nini?" Baada ya muda mbavu mbili za kitanda cha mninga zilisukumwa chini ya pazia, moja baada ya nyingine, nzito, nyeusi kwa mafuta ya miaka, zikiwa na matundu ya kupitishia kamba. Kisha ukaja ubao wa kichwani, wa kujazia kule juu ambako mbavu za kitanda hazikufika.

Siku mbili zile nimezikumbuka katika kila chumba nilicholala tangu wakati huo. Mimi nilitoboa, nikapiga tindo, nikakaza bolti, na yeye alikaa upande wa pili akipeta mchele au akichambua maharage, nilisikia yakianguka kwenye sinia. Tulizungumza. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi. Hakunitazama, nami sikumtazama, na maneno yalipita pale katikati yakiwa hayana uso. Alinieleza mumewe alivyokuwa akihesabu magunia kwa Kizigua na kudanganya kwa Kiswahili. Nilimweleza habari ya mwenye baiskeli nyekundu. Alitaka kujua yote kuhusu jirani zangu, akawaamulia ugomvi wao: alisema chumvi ilikuwa imezidi kweli. Bibi alinipa ugali na mlenda kwenye sahani yenye maua, nikala nimeegemea ukuta, na kutoka ndani nilisikia naye anakula, kijiko hakuna, maji ya kunawa yakimwagika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwa mwaka mzima kula na mtu.

"Fundi wa vyuma hapa ni mmoja," alisema siku ya tatu, "naye kazi yake kubwa ni pombe. Nyuma ya fremu kuna nafasi. Ungeweka mashine yako pale, ungenilinda na mimi ningekulinda."

Nilisema nitafikiri. Kwa sauti yangu nilisikia kwamba nimekwisha kukubali. Nikaanza hata kumweleza mahali pa kupitisha waya wa umeme.

"Basi siku nikitoka," alisema, "chakula cha kwanza nitakupa kwa mkono wangu. Nikuone na wewe unafananaje. Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Mimi si mrefu. Nilitaka kumwambia, nikasema tu, "Inshallah," neno ambalo kwetu kambini tulilisema wote, wa dini zote.

Jioni ile nilipandisha bomba na springi. Nilipovuta shata chini kwa mara ya kwanza na kuiachia, iliruka juu ikapiga kishindo, bibi akatoka mbio akiita jina la Mungu. Springi ilikuwa bado ya mlango wa malori, na mlango wenyewe nilikuwa nimeupunguzia karibu nusu ya uzito. Nililegeza mizunguko, nikajaribu, nikalegeza tena, mpaka ilipofika mahali ukaiacha katikati ikasimama hapo hapo, haipandi haishuki. Nilifunga. Nilisukuma kwa bega upande huu na upande ule. Haikutikisika. "Imekaa?" aliuliza. Nikasema, "Imekaa." Akasema, "Alhamdulillah," kisha akakaa kimya muda mrefu sana, nami nikakusanya vifaa polepole ili nisiondoke katikati ya kimya chake.

Siku ya kutoka eda nilioga kwenye kibanda cha matairi, nikavaa shati la kuazima. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake tangu alfajiri, wamemwogesha, wanachoma udi. Wazee watatu walikaa kwenye benchi kivulini. Bwana Athumani alikuja na mkokoteni wake umejaa mifuko, akavua kofia. Alishika mpini wa shata akaivuta. Ikapanda laini. Akaishusha. Akapitisha kidole kwenye mbao za pembeni akaona matundu ya kamba, akatambua ni nini, maana alikuwa ndugu wa mwenye kitanda. Alitia mkono kutafuta ile nafasi, hakuipata. "Umeiziba," aliniambia taratibu. Nikasema nimeiziba. Mzee mmoja akauliza kutoka kwenye benchi, "Vipi Athumani, pango la mbuzi limepata mlango?" Wenzake wakacheka, na safari hii walijua wanamcheka nani. Akavaa kofia yake. "Haya, geuza," alimwambia msukuma mkokoteni. Mifuko ikarudi ilikotoka.

Shemhilu anasema Bi Zaina aliuza nafaka mle mpaka wiki aliyougua. Aliniambia hivyo jana, tukila nyama choma karibu na stendi, yeye meno yamepungua na bado ananiita mtoto wa manamba. Aliniuliza kwa nini sikurudi Handeni hata mara moja. Nilimwambia kazi. Aliniangalia, akaniongezea kachumbari.

Ukweli ni huu. Siku ile pazia lilifunguliwa, wanawake wakapiga vigelegele, na kati yao akatoka mmoja mwenye khanga mpya, mfupi, mwenye alama ya chanjo begani na macho yaliyofinywa na mwanga wa nje. Nilimjua kwa sababu wengine walimpisha njia. Alipitisha kiganja kwenye ubao wa mninga kutoka juu hadi chini. Kisha akaanza kutafuta kwa macho, akiangalia juu ya vichwa vya watu, akimtafuta mtu mrefu. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Macho yake yalinipita, yakaenda mbele, yakarudi, yakatua kwangu jinsi yanavyotua kwa mtu yeyote aliyesimama karibu.

"Samahani kaka," alisema. "Umemwona fundi? Nimemwekea chakula."

Nilijua nikifungua mdomo tu atanitambua. Ilitosha neno moja, hata "shikamoo." Lakini yule aliyekuwa akimtafuta alikuwa mtu wa nyuma ya pazia, mtu ambaye mimi sikuwahi kuwa mbele za watu, na shati lilinibana, na watu wote walikuwa wakitazama. Niliinua mkono, nikamwonyesha upande wa stendi.

"Ameondoka?" alisema. "Hata kuaga?"

Alisimama kidogo akitazama barabara, kisha wanawake wakamwita ndani. Nilichukua sanduku langu nikaenda huko nilikomwonyesha.